Kufungua na kufunga mirathi Mahakama ya Mwanzo: mwongozo kwa familia za Tanga

"Mzee ametutoka. Kaacha nyumba Ngamiani na hela kidogo benki. Benki wanasema tulete barua ya mahakama. Tunaanzia wapi?"

Swali hili hunijia karibu kila wiki, na wengi wanaoliuliza wameshapoteza miezi wakizunguka. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga. Kazi hii niliingia baada ya kusimamia mirathi ya baba yangu mwenyewe, wakati huo nikiwa sijui hata tofauti ya Fomu Namba 1 na Fomu Namba 5. Nimeziandika hatua zote hapa ili wewe usipite njia ndefu niliyopita mimi.

Jambo moja lishike kabla hatujaanza. Msimamizi wa mirathi si mrithi mkuu, wala si mwenye mali. Ni mtu aliyebebeshwa mali za watu ili azifikishe kwa wenyewe, kisha arudi mahakamani kusema amezifikisha vipi. Ugomvi mwingi niliouona ulianza pale familia ilipodhani barua ya usimamizi ndiyo mwisho wa kazi. Mirathi hufunguliwa, na mirathi hufungwa. Ukifungua bila kufunga, umewaachia wanao kesi.

Mahakama ipi, sheria ipi

Tanzania Bara mirathi hugawanywa kwa moja ya sheria tatu: sheria ya mila, sheria ya Kiislamu, au ile sheria ya kiserikali iliyotoka India, ya mwaka 1865. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mbili za mwanzo tu. Mamlaka hayo inayapata kwenye Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Jedwali la Tano, na utaratibu wake uko kwenye kanuni za mwaka 1971, Tangazo la Serikali Namba 49. Huhitaji kuzisoma, lakini karani akizitaja usishtuke.

Kama marehemu alikuwa Muislamu aliyeishi Kiislamu, mlango wako ni Mahakama ya Mwanzo. Kama alikuwa Mkristo, mahakama huangalia aliishije na alionyesha nia gani. Aliyeishi kwa mila za kwao anaweza kuangukia sheria ya mila, na mlango ni uleule. Aliyeziacha mila kabisa anakwenda kwenye sheria ya kiserikali. Mirathi yake itafunguliwa Mahakama Kuu, ambayo hapa Tanga ina kanda yake, au mahakama ya chini yake yenye mamlaka ya mirathi midogo, na utaratibu ni wa Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Huko muda na fomu ni tofauti, na mwongozo huu hautakutosha.

Kwa familia za Kidigo nina neno la ziada, kwa sababu nimeona ndugu wakinuniana miaka. Wadigo wana historia ya kurithi upande wa mama, mjomba kwa mpwa, na pia ni Waislamu. Mzee akifariki, wapwa huja na hoja ya ukoo na watoto huja na hoja ya mafungu ya Qur'ani. Msilipeleke jambo hilo mahakamani likiwa bichi. Likaeni nyumbani, mkubaliane marehemu aliishi kwa sheria ipi, muandike. Mkishindwa kabisa, hakimu ataamua kwa kusikiliza ushahidi wa maisha yake.

Sasa kosa ambalo nimelikuta mara nyingi kuliko yote: kufungua mirathi pale nyumba ilipo. Sheria inataka pale marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu alipofariki. Baba yako aliishi Temeke miaka thelathini, akaacha nyumba Makorora? Mirathi inafunguliwa Temeke. Aliyekuja Bombo kutibiwa tu akafia hapo, makazi yake si Tanga. Nimeona mirathi iliyokwisha kugawanywa ikifutwa kwa sababu hiyo moja, na watu wakaanza upya na madeni ya nauli juu.

Uwe na hivi kabla hujakanyaga mahakamani

- Cheti cha kifo, halisi, na nakala zisizopungua sita. Kila ofisi itataka yake.
- Muhtasari wa kikao cha familia, wenye sahihi za waliohudhuria.
- Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji marehemu alikoishi.
- Kitambulisho chako cha NIDA na picha ndogo (pasipoti saizi).
- Majina kamili ya warithi wote, umri wao, uhusiano na marehemu, na wanapoishi.
- Orodha ya kwanza ya mali na madeni, hata kama haijakamilika.
- Wosia, kama upo. Ulizeni na RITA pia (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), maana wanatunza wosia za watu, na mzee anaweza kuwa aliuweka bila kumwambia mtu.
- Cheti cha ndoa cha mjane au mgane, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Visipokuwepo vyote usikwame, lakini anza kuvitafuta sasa.

Wakili si lazima. Mahakama ya Mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili na fomu zake ni za Kiswahili. Ukihitaji mkono, watafute wasaidizi wa kisheria wa wilaya yako. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, pia wana ofisi hapa Tanga na husaidia sana kina mama.

Hatua kwa hatua

1. Pata cheti cha kifo. Aliyefia hospitali, hospitali ndiyo inayotoa karatasi ya taarifa ya kifo. Aliyefia nyumbani, anza na mtendaji wa mtaa. Karatasi hiyo unaipeleka kwa msajili wa wilaya, upande wa RITA, ndipo upate cheti. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo, na watu wengi hukitunza wakidhani ndicho. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Ukichelewa utasajili tu, ila kwa maelezo na ada zaidi.

Kabla hujaondoka dirishani, soma jina herufi kwa herufi. Ofa ya kiwanja cha baba, yaani barua ya kumilikishwa, niliikuta kwenye kasha la mbao chini ya kitanda, imekunjwa mara nne, mikunjo imekatika kiasi cha kuushikilia ukurasa kwa vidole viwili. Juu yake imepigwa taipu "Ally". Cheti cha kifo nilichokuwa nimekwisha kuchukua kinasema "Ali". Ile herufi moja na nusu ilinila wiki sita.

2. Fanyeni kikao cha familia. Pwani kikao hiki kwa kawaida hukaliwa baada ya hitma au siku ya arobaini, ndugu wakiwa bado wako mjini. Ni wakati mzuri, msiupoteze. Kikao kinapendekeza jina la msimamizi, kinaandika warithi, kinataja mali. Watu wa pande zote wawepo: wajane wote, watoto wa kila mama, wazazi wa marehemu kama wako hai, ndugu zake. Asiyeweza kuja apigiwe simu na jambo hilo liandikwe.

Muhtasari si ndoa, hauvunji wala haufungi peke yake. Mahakama ndiyo inayoteua, na kukosekana kwa sahihi ya baba mdogo mmoja mwenye hasira hakumzuii mjane kuomba. Ila ukiwa nao kazi inakuwa nyepesi mno.

Mchague nani? Ushauri wangu wa dhati: msimchague mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Mchagueni mwenye kuandika vitu. Mwanamke anaweza kuwa msimamizi, mjane anaweza, binti anaweza, na mnaweza kuomba wawili pamoja. Mkiwa familia ya wake wawili, mmoja kutoka kila nyumba huondoa maneno mengi.

Onyo: msimfiche mrithi. Mtoto wa nje, mke wa Korogwe ambaye hamkumpenda, kaka aliyepotelea Mombasa, wote waandikwe. Kama mtu ana haki au hana, na ana haki ya kiasi gani, ni suala la kuamuliwa baadaye kwa sheria. Ukimfuta jina wewe, siku akija na pingamizi hakimu atakutazama kama mwizi. Na kwa watoto wadogo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake kwa kiasi kinachofaa.

3. Andika mali na madeni. Nunua daftari la kaunta, moja, lenye jalada gumu. Hilo ndilo daftari la mirathi mpaka mwisho. Ukurasa wa kushoto mali, wa kulia madeni.

Nyumba: andika mtaa, namba ya kitalu kama ipo, idadi ya vyumba, wapangaji ni nani, kila mmoja analipa kiasi gani na amelipia mpaka mwezi gani. Shamba la minazi Pangani au michungwa Muheza: hesabu miti. Usidharau jambo hili, kwa watu wa pwani mnazi unaweza kuwa wa mtu na ardhi ya mwingine, na wazee wanaojua mnazi upi ni wa nani hawatakaa milele. Kisha akaunti za benki, hela za simu, hisa, mafao ya kazi, chombo cha baharini, pikipiki, mifugo, na watu waliokuwa wakidaiwa na marehemu.

Upande wa madeni kuna moja ambalo husahaulika: mahari ambayo hayajalipwa. Kwa sheria ya Kiislamu hilo ni deni la marehemu kwa mkewe. Analipwa kama mdai yeyote, halafu anachukua fungu lake la urithi juu yake.

Mali ya mjane mwenyewe usiiingize. Cherehani yake, kiwanja alichonunua kwa jina lake, dhahabu yake, hivyo si mirathi ya mtu.

4. Fungua shauri. Nenda kwa karani wa Mahakama ya Mwanzo, mwambie unakuja kufungua mirathi na kama kuna wosia au hakuna. Utapewa Fomu Namba 1. Jaza kwa utulivu, ikiwezekana chukua nakala mbili, moja ya kujaribia. Ada lipa kwa namba ya malipo ya serikali utakayopewa, na risiti ibandike kwenye daftari. Mtu akikwambia mpe yeye mkononi "iende haraka", ondoka hapo uombe kumwona hakimu.

Wajane huniuliza sana: je, tusubiri eda iishe? Eda ni miezi minne na siku kumi, na sheria ya serikali haikulazimishi kusubiri wala haikukatazi. Kama kuna haraka, kwa mfano wapangaji wameanza kumlipa mtu asiyehusika, mtoto mkubwa au ndugu aombe usimamizi. Mjane atahitajika siku ya kusikilizwa. Wengi wa masheikh watamwambia kwenda kutetea haki yake ni dharura, atoke mchana, arudi nyumbani kwake. Ongeeni na sheikh wenu, na mwambieni karani mapema ili tarehe ipangwe kwa kuzingatia hali yake.

5. Tangazo na siku ya kusikilizwa. Mahakama itatoa tangazo, libandikwe mahakamani na kule marehemu alikoishi, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hakimu anaweza pia kuagiza litoke gazetini. Hakikisha limebandikwa kweli kwenye ubao wa serikali ya mtaa, ukilipiga picha kwa simu yako ni bora.

Siku yenyewe warithi waje. Hakimu atawauliza mmoja mmoja kama wanakufahamu na wanakubali. Jibuni yaliyo kweli. Nimeona kaka akisema "sote tumekubali" na dada yake amesimama nyuma anatikisa kichwa.

6. Uteuzi. Pingamizi lisipokuwepo, au likisikilizwa na kutupwa, hakimu anakuteua na unapata hati ya usimamizi, Fomu Namba 4. Mahakama inaweza kukutaka usaini ahadi ya kusimamia kwa uaminifu na uwe na wadhamini. Familia ikiwa imeshindwana kabisa, mahakama inaweza kumteua mtu wa nje mwenye heshima yake asiyeegemea upande, au ofisa wa mahakama.

Andika tarehe ya uteuzi kwenye jalada la daftari lako kwa kalamu nyekundu. Saa imeanza kuhesabu.

7. Kusanya mali, wasilisha Fomu Namba 5 ndani ya miezi minne. Fomu hii ni orodha kamili ya mali na madeni. Miezi minne ikikukaribia na benki bado haijajibu, usikae kimya. Nenda mahakamani kabla muda haujaisha, omba uongezewe, eleza sababu. Mahakama ina uwezo wa kuongeza. Kinachowaponza watu ni kunyamaza.

Benki: peleka hati, cheti cha kifo na kitambulisho. Mara nyingi fedha hupitishwa kwenye akaunti ya mirathi ya mahakama, kisha mahakama ikawalipa warithi. Usiudhike, ni kinga kwako pia.

Mafao ya kazi: nenda NSSF au PSSSF uulize kwanza. Mifuko hii ina sheria zake za wategemezi, na baadhi ya malipo huenda kwa mjane na watoto moja kwa moja bila kuingia kwenye mgawanyo. Simu: kampuni itataka hati na cheti. Wakati huo laini ya marehemu isitumike na mtu, na namba yake ya siri, hata kama mnaijua, msiitumie. Kutoa hela za marehemu kabla ya uteuzi ni chanzo cha ugomvi ambao hauna mwisho mzuri.

Wapangaji: waandikie kwamba kodi sasa inalipwa kwako kama msimamizi. Kila shilingi iingie daftarini siku hiyohiyo. Kodi iliyolipwa baada ya kifo ni ya warithi wote, hata kama wewe ndiye uliyepaka rangi na kuziba bati. Gharama hizo ziandike, utarudishiwa.

8. Lipa kabla ya kugawa. Mpangilio ni huu: gharama za mazishi, kisha madeni na gharama za usimamizi, kisha wasia kama upo, mwisho warithi. Kwa sheria ya Kiislamu wasia hauvuki theluthi moja ya kilichobaki baada ya madeni, wala haumwendei mtu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wengine waridhie. Mdai akija na maneno matupu, mwombe karatasi au shahidi. Mwenye duka akija na daftari lake la mikopo lenye mwandiko wa marehemu, msimzungushe.

9. Gawa. Kwa Waislamu, mafungu ya mwanzo yako wazi. Mke, marehemu akiwa na watoto, ana moja ya nane, bila watoto moja ya nne, na wakiwa wake wengi wanagawana fungu hilohilo. Mume ana moja ya nne kukiwa na watoto, nusu wasipokuwepo. Mama na baba wa marehemu, kukiwa na watoto, kila mmoja ana moja ya sita. Akiwepo mtoto wa kiume, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja.

Tufanye hesabu moja kamili, maana hapa ndipo watu huogopa. Mzee kaacha mke, mama yake, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Mali yote ina thamani ya Sh 52,000,000. Mazishi na madeni, pamoja na mahari ya mke, ni Sh 4,000,000. Zinabaki 48,000,000.

Mke, moja ya nane: 6,000,000.
Mama, moja ya sita: 8,000,000.
Zinabaki 34,000,000 za watoto. Mafungu ni matano (mawili, mawili, moja), kila fungu 6,800,000. Kila mvulana 13,600,000, binti 6,800,000.

Jumlisha upya: 6 na 8 na 13.6 na 13.6 na 6.8 ni 48. Hesabu yako isipofunga hivi, usiipeleke kokote. Warithi wakiwa wengi wa aina tofauti, mpelekee sheikh anayejua mirathi au ofisi ya kadhi ya BAKWATA (baraza kuu la Waislamu) wakuandikie mchanganuo. Elewa tu kwamba huku Bara kadhi anashauri, anayeamua ni hakimu.

Lakini mali yenyewe mara nyingi ni nyumba moja, na nyumba haikatiki kwa kisu. Njia ni tatu: mmoja anawanunua wenzake, mnauza mnagawana, au mnaiacha na kugawana kodi kwa mafungu. Ya tatu inapendwa sana Ngamiani, na ndiyo inayoleta kesi baada ya miaka kumi, wajukuu wanapozaliwa. Mkiichagua, andikeni mkataba wenye asilimia ya kila mtu. Na nyumba anayoishi mjane na watoto wadogo isiuzwe kabla hajajua anahamia wapi. Hilo nalisisitiza kila mahali.

Fungu la mtoto mdogo haliwi la kaka yake mkubwa kwa sababu ndiye anayemlipia shule. Lifunguliwe akaunti, au muulizeni Kabidhi Wasii Mkuu, ofisa wa serikali wa mambo ya mirathi ambaye yuko RITA, namna ya kulitunza.

Kila anayepokea asaini daftarini: tarehe, kiasi, jina, namba ya simu, na dole gumba kwa asiyeandika.

10. Badilisha majina. Kiwanja chenye hati hupita mara mbili: kwanza jina lako linaandikishwa kama msimamizi, kisha kutoka kwako kwenda kwa mrithi au mnunuzi. Hayo yanafanyika kupitia ofisi ya ardhi. Watu wengi huishia hatua ya kwanza, na hati ikabaki na jina la msimamizi. Msimamizi akifa, watoto wake wanaiona ni nyumba ya baba yao. Gari na pikipiki ni TRA. Kiwanja kisichopimwa, andikisheni mgawanyo serikali ya mtaa mbele ya majirani wa mipaka.

11. Funga kwa Fomu Namba 6. Hii ni hesabu: kilichoingia, kilichotoka, nani kapata nini. Ambatanisha risiti na sahihi. Warithi wataitwa, wakiridhika hakimu anafunga shauri. Omba nakala ya amri hiyo ya kufunga, itoe fotokopi, kila mrithi apewe yake.

Ukikwama

*Majina hayafanani.* Kama tofauti ni ya herufi, kula kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, ukiambatanisha karatasi zote mbili. Kama kosa liko kwenye cheti cha kifo, rudi RITA wakirekebishe.

*Mtu ameweka pingamizi.* Usitukane, usikimbie. Soma anachopinga. Kama anakupinga wewe na si mirathi, kupendekeza msimamizi wa pili kutoka upande wake humaliza jambo siku hiyohiyo. Usiporidhika na uamuzi, rufaa ya Mahakama ya Mwanzo inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

*Kuna mirathi mbili za mtu mmoja.* Hutokea, mke huyu kafungua Tanga, yule kafungua Dar es Salaam. Acheni kugawa kabisa. Pelekeni taarifa kwa mahakama zote mbili, iamuliwe ipi ina mamlaka.

*Msimamizi anakula kodi peke yake.* Mrithi yeyote anaweza kwenda kwenye mahakama ileile iliyomteua, kwa barua, akaomba aitwe kutoa hesabu. Asipotoa, ombeni uteuzi utenguliwe na ateuliwe mwingine. Msigombane barazani, fungueni jalada la shauri mwone kama Fomu Namba 5 iliwahi kuwasilishwa. Isipokuwepo, mmeshapata pa kuanzia.

*Msimamizi naye amefariki kabla ya kufunga.* Usimamizi haurithiwi. Mwanawe haendelei nao. Familia inarudi mahakamani na namba ya shauri lilelile kuomba msimamizi mwingine, na daftari linatafutwa.

*Anauza nyumba kimya kimya.* Peleka ombi mahakamani la kuzuia, siku hiyo, na nakala ya barua ipelekwe ofisi ya ardhi na kwa mwenyekiti wa mtaa. Mnunuzi akishajenga, kazi inakuwa mara kumi.

*Marehemu alifariki miaka mingi iliyopita, hatukufungua kitu.* Fungueni, ila mjiandae kueleza kwa nini mmechelewa, na mlete mashahidi wanaomkumbuka. Kadiri mnavyokaa, ndivyo watu wengine wanavyozidi kujenga haki juu ya ardhi ile. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Kama warithi wa mwanzo nao wamekufa, kila mmoja wao ana mirathi yake. Anzeni na ya juu, muifunge, ndipo mshuke ya chini.